Maji Kwanza, Chambo Baadaye

Assalaam alaykum, wazee wangu na vijana wangu. Swali ninaloulizwa sana na vijana wa mshipi hapa Unguja ni chambo gani kizuri, ngisi au samaki simu, yule wa jamii ya dagaa. Nami huuliza: maji ya leo yakoje?

Tazameni bamvua, yale maji makubwa. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, maji yetu hujaa mnamo saa kumi na kupwa mnamo saa nne, na tofauti ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Maji yote hayo yakipita kwenye mlango wa mwamba, mkondo huwa mkali. Simu ana nyama laini. Hung'oka kabla ya chubwi, ile risasi ya mshipi, kugusa chini, na mvuvi akabaki na ndoana tupu asijue. Hapo tia mnofu wa pweza. Ni mgumu, haung'oki, na changu na chewa wanaupenda. Tena angalieni Mola alivyopanga: bamvua hiyohiyo ndiyo inayoacha mwamba mkavu asubuhi, wachokoaji wakatoka na pweza wao. Na mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hupumzika, maana taa haivuti samaki penye mbalamwezi. Simu huadimika sokoni siku zilezile ambazo hatumhitaji.

Maji mafu yakifika, siku za kujaa na kupwa kidogo, mkondo hupoa. Sasa simu na kamba wana kazi.

Kisha tazama rangi. Wenzetu wa Bagamoyo, karibu na mdomo wa Ruvu, wakati wa masika huvua kwenye maji ya tope. Samaki haoni, ananusa. Mpe kibua mwenye mafuta, au ngisi aliyekatwa upya. Msimu wa kaskazi maji yakiwa maangavu, nguru huwinda kwa macho, basi mkokotee chambo kizima king'aacho.

Na tafadhalini, chambo kisiguse maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Barafu ikiyeyuka juu yake, nyama hupauka na harufu huisha. Kitieni kwenye mfuko usiopitisha maji kwanza, ndipo barafu.

Upepo wa kusi wa Juni na Julai sina mzaha nao. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo mkali na mawimbi makubwa, ngalawa ibaki pwani. Siku hiyo funga ndoana mpya, na ngisi uliye naye mtie chumvi ya kutosha, akungoje bahari itulie.