Makaburi ya Askari Katikati ya Mashamba ya Fargo

Jambo kwenu wazazi na ndugu zangu wa Bukavu, kuanzia Bagira hadi Nguba. Leo nimesimama nje kidogo ya Fargo, katika jimbo la North Dakota, na huo mvumo mnaousikia msidhani simu yangu ni mbovu; ni upepo wa tambarare isiyo na hata kilima kimoja cha kuuzuia.

Haya mnayoyaona ni makaburi ya taifa ya wanajeshi wastaafu, yaliyofunguliwa mwaka 2019. Ni ekari tano hivi, na kuyazunguka ni mashamba matupu. Serikali ya Marekani ilitambua kwamba askari wa vijijini hawakuwa na makaburi ya taifa karibu na kwao, ndipo ikapanga kujenga madogo manane katika sehemu ambazo wastaafu wa jeshi hawafiki 25,000 ndani ya kilomita 120 hivi. Askari aliyeondoka jeshini kwa heshima hupewa kaburi, jiwe lenye jina lake na bendera ya kukabidhiwa familia, bila malipo, na mwenzake wa ndoa anaweza kulazwa pamoja naye. Jeneza familia hujinunulia, tusidanganyane. Lakini kukata majani na kunyoosha jiwe lililoinama ni kazi ya serikali miaka yote.

Sisi hupita mbele ya Kambi ya Saïo, ile kambi ya jeshi ya Bukavu, bila kujiuliza jina hilo lilitoka wapi. Saïo ni mji wa Ethiopia, ambako Julai 1941 Waitaliano walisalimu amri mbele ya jeshi la Force Publique, yaani vijana wa Kongo chini ya maofisa wa Kibelgiji. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Alizikwa Walungu chini ya msalaba wa mbao, nao ulioza kwa mvua kabla sijamaliza shule ya msingi. Sidai marumaru, hata daftari la majina ya waliokwenda, likiwekwa mahali ambapo mjukuu anaweza kulifungua, lingenitosha.

Baba mdogo, najua unatazama. Wewe ndiye uliyebaki unayejua alilazwa upande gani wa ile mikaratusi. Nenda na binamu zangu, mpigilie vigingi vinne, mnipigie picha. Pesa ya saruji nitaituma mwisho wa mwezi.