Chumvi Inapoyeyuka Ndani ya Turbini

Asalaam aleikum, mabibi na mabwana, na ninyi mafundi mliotoka kazini moja kwa moja. Hapa Malindi hakuna asiyejua chumvi inavyokula mabati na misumari. Kutu hiyo ni ya maji na hewa. Nitakayoieleza leo haihitaji maji hata tone: inataka moto, chumvi na salfa.

Turbini ya gesi, mashine inayozungushwa na gesi ya moto, ikivuta hewa ya bahari, chumvi huingia na kukutana na salfa ya mafuta kwenye chumba cha mwako. Hapo huzaliwa salfeti ya sodiamu, nayo hutua juu ya mapanga, yaani mabapa yanayosukumwa na gesi hiyo. Huyeyuka kwenye nyuzi 884 za Selsiasi. Ikishakuwa maji maji, huyeyusha ule utando wa oksidi unaoikinga aloi (mchanganyiko wa metali) ya nikeli, kisha salfa hupenya ndani na kuikamata kromiamu iliyobaki, metali inayosaidia kuujenga utando huo. Kati ya nyuzi 850 na 950 ndipo panapoliwa zaidi: uso hukwaruza, huvimba na kubanduka magamba, mara nyingi yenye rangi ya kijani.

Wengi husema, basi tupunguze mzigo, joto lishuke, tusalimike. Sikubaliani nao hata kidogo. Kwenye nyuzi 650 hadi 750 iko aina ya pili ya kutu hii ya moto. Trioksidi ya salfa iliyomo kwenye gesi hugeuza oksidi ya kobalti kuwa salfeti, na salfeti hiyo ikichanganyika na ile ya sodiamu, huyeyuka kwenye nyuzi 565 tu. Hii haili uso mzima. Huchimba vishimo, na kishimo ndicho mwanzo wa ufa. Hupatikana hasa kwenye shina la panga, chini ya jukwaa lake (bapa linalotenga shina na gesi ya moto), mahali pasipo na joto kali na ambapo kamera ya ukaguzi hufika kwa shida. Ukaguzi ulioishia kwenye uso wa panga, kwangu mimi haujafanyika.

Kwa hiyo tuizuie chumvi mlangoni. Chumvi iliyonaswa kwenye chujio ikiwa kavu haina neno. Lakini unyevu wa hewa ukipita asilimia 75 hivi, hugeuka maji ya chumvi, ikapenya chujio na kutokea upande wa pili. Usiku wa pwani unyevu huo ni jambo la kawaida, na kusi ikivuma, mawimbi hurusha chumvi zaidi. Ndiyo maana hatua ya mwisho iwe chujio lisilopitisha maji, na mipira ya kuzibia ikaguliwe yote. Mwanya mdogo tu huipitisha chumvi pembeni ya chujio la bei ghali. Kujua hali, futa upande safi, nyuma ya chujio, kwa kitambaa kilicholowa maji yasiyo na madini, kikamue, upime kloridi, yaani alama ya chumvi, katika hayo maji.

Kompresa, sehemu inayobana hewa inayoingia, ioshwe mashine ikiwa imezimwa na kupoa, kwa sabuni yake, isuuzwe mpaka maji yanayotoka yakaribie usafi wa yaliyoingia. Kuosha ikiwa inazunguka kwa mzigo hakuchukui nafasi hiyo, na maji yenye madini hupeleka sodiamu yenyewe kwenye mapanga ya moto.

Mafuta nayo. Mafuta mazito huja na vanadiamu, na pentoksidi yake huyeyuka kabla ya nyuzi 700. Dawa yake ni magnesiamu, kwa kawaida sehemu tatu kwa uzito kwa kila sehemu moja ya vanadiamu, ili majivu yabaki makavu. Hiyo haitibu sodiamu: sodiamu huoshwa kwa maji na kutenganishwa kwa mashine ya kuzungusha kabla mafuta hayajafika kwenye tangi la matumizi.

Na mnapoagiza mapanga, ulizeni kromiamu. Kati ya aloi za nikeli, IN-738 ina asilimia 16, IN-100 ina 10, na tofauti hiyo huonekana pwani. Rangi ya kinga yenye aluminiamu nyingi hufaa sehemu za moto mkali. Shinani takeni yenye kromiamu nyingi, na msikubali shina lije tupu bila kinga.