Sili Haijakatwa

Asanteni, kaeni. Wale wa mlangoni sogeeni ndani, lori lenu haliibiwi, sili mmeitazama wenyewe. Leo ni habari ya kudai pesa ya kipimo ambacho hukukitumia, na naanza na hiyo hiyo sili.

Dereva hafundishwi sili. Kontena likifungwa Mombasa linatiwa mlangoni sili yenye namba, namba inaandikwa kwenye karatasi, na kuanzia hapo hulali vizuri. Siku hizi kuna na ile ya elektroniki, inakutazama mpaka ukisimama Nakuru kula nyama choma. Ukifika hapa Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, afisa wa forodha hakuulizi kama wewe ni mcha Mungu. Anainama, anasoma namba, anaivuta kidogo kwa kidole. Ikiwa nzima na namba inalingana, mzigo ni ule ule uliotoka bandarini. Ikiwa imekatwa, baba, eleza mpaka jioni.

Sasa mbona sili ya kontena mnaijua, na ya boksi la kipimo cha korona hamuijui?

Hili hapa. Nimelibeba kwenye kaveera, mfuko huu wa plastiki, tangu Kampala. Watu wanaliita kiti, kutoka Kiingereza "kit"; mimi kiti nakikalia, kwa hiyo nitasema kipimo. (Kicheko.) Tazameni kwenye ulimi wa boksi: kuna kistika cheupe, upana wa ukucha, kimeshika pande mbili. Ndani kuna kijiti cha pamba kwenye karatasi yake, kichupa chenye maji kiasi cha matone machache, na mfuko wa kurudishia sampuli maabara. Vyote hivyo ni vya mtengenezaji. Chako wewe ni hiki kistika. Ukikipasua kwa hamu ya kuona kilichomo, umeikata sili mwenyewe.

Kisa cha mpwa wangu wengi mlishakisikia. Mnisamehe, nitakirudia mpaka kieleweke.

Ni Machi 2022. Mpwa wangu anakwenda Uingereza kumuuguza mjomba wake. Kule, tangu tarehe 11 Februari, aliyekamilisha chanjo alikuwa anaingia bila kipimo chochote. Yeye alikuwa na dozi moja tu, uzembe wake, nilishamsema. Kwa hiyo alitakiwa apime kabla ya kuondoka, na awe ameshalipia kipimo cha pili cha kufanyia kule kule. Kwenye fomu ya abiria palikuwa na sehemu ya kuandika namba ya oda ya kipimo hicho. Huna namba, ndege inakupita kichwani. Binamu yake wa Leicester akamnunulia kwenye intaneti kwa pauni 49, na boksi likafika mlangoni kwake Ijumaa tarehe 11.

Jumatatu tarehe 14 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba kuanzia saa 10 alfajiri ya Ijumaa tarehe 18 masharti yote ya safari yanafutwa. Vipimo vimekwisha, fomu imekwisha. Mpwa wangu anaruka Jumamosi tarehe 19. Boksi liko mezani Leicester, stika nzima, pembeni ya bakuli la matunda.

Binamu akaandika kuomba pesa zake. Kampuni siitaji, sikuja hapa kugombana na mtu asiyekuwepo. Jibu likaja siku ya pili, la adabu kabisa: tunasikitika, namba ya oda imeshatolewa, kwa hiyo huduma imekamilika.

Huduma imekamilika! Maabara ilipima nini, namba? (Kicheko.) Hakuna pua iliyoguswa. Mwenye pua alikuwa bado Mukono anafunga sanduku.

Hapa ndipo nataka mnisikilize. Uingereza wana kanuni za mwaka 2013 za mikataba ya walaji. Ukinunua kitu kwa mbali, yaani kwa simu au intaneti, una siku 14 tangu ulipokipokea kubadili nia, na hudaiwi sababu. Umeamka umenuna, inatosha. Lakini kuna vighairi, na kimoja ndicho wauzaji wa vipimo walichokikumbatia kama godoro: bidhaa zilizofungwa kwa sababu za afya au usafi hazirudishwi. Wanaishia hapo. Kanuni haiishii hapo. Inasema haki hiyo unaipoteza sili ikishafunguliwa baada ya kukabidhiwa. Nusu ya pili ya sentensi wanaimeza. Huduma nayo ni vivyo hivyo: unapoteza haki ikishatolewa yote, na kabla ya hapo uwe umekubali ianze mapema. Namba ya kujazia fomu si majibu ya maabara.

Wala hayo si maneno ya shangazi wa Malaba. Agosti 2021 mamlaka ya ushindani na masoko ya kule iliwaandikia wauzaji wa vipimo vya safari barua ya wazi, ikawaonya kuhusu bei za kuvutia watu zisizokuwepo, majibu yanayochelewa, na kukatalia wateja pesa wanazostahili kurudishiwa. Kama Waingereza walihitaji kukumbushana, mimi nani nisirudie?

Binamu akaandika tena, mistari minne. Akataja kanuni, akataja tarehe aliyopokea, akasema stika haijapasuliwa, akaambatisha picha. Wakajibu watarudisha pauni 34, zile 15 ni gharama za uendeshaji. Akaandika mara ya tatu, akaongeza kwamba alilipa kwa kadi na benki yake ina utaratibu wa kudai pesa kwa muuzaji mbishi. Pesa ikarudi yote, pauni 49. Nauli ya posta ya kurudisha boksi alilipa mwenyewe, na hiyo ni haki, kama muuzaji alikwambia mapema kwamba utaibeba.

Najua mnachonong'ona. "Mama, pauni 49 zinastahili barua tatu?" Wakati ule zilikuwa kama laki mbili na thelathini za Uganda. Kuna mtu humu alikosana na shemeji yake kwa elfu ishirini, na namtazama. (Kicheko.) Yupo na mwingine anasema muuzaji naye kapata hasara, serikali ndiyo iliyogeuza sheria. Kweli. Lakini amri za serikali zilipokuwa zinamletea wateja kwa foleni, hakuja kwako kugawana faida. Na boksi lenye sili nzima na tarehe ya mbele anaweza kumuuzia mwingine. Wewe utamuuzia nani, kuku?

Haya, tuje nyumbani. Risiti ya duka lolote, kuanzia Kikuubo kule Kampala mpaka hapa stendi, geuza chini usome: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Imepigwa mhuri mwekundu ili uogope. Nani alitunga sheria hiyo? Bunge? Mtu wa mihuri wa Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa Kampala, alimtengenezea mwenye duka asubuhi moja.

Lakini sitawadanganya pia. Umeingia duka la dawa kwa miguu yako, umenunua kipimo kizima, kimefanana na ulichoomba, kisha safari ikafa kwa sababu umegombana na bosi. Hapo sheria ya Uganda haimlazimishi mwenye duka kukurudishia. Akirudisha ni utu wake. Mkono wako una nguvu penye sababu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 inataka bidhaa iwe ya ubora unaofaa, na ifae kwa kazi uliyomweleza muuzaji. Uliyomweleza! Kwa hiyo pale kaunta usiseme "nipe kipimo." Sema, "Ssebo, nataka kipimo ambacho majibu yake yatakubaliwa mpakani, nasafiri Alhamisi." Yeye akisema hiki kinafaa, mwambie aandike kwenye risiti neno "safari." Neno moja tu. Kesho ukikataliwa mpakani kwa sababu kipimo ni cha aina nyingine, muhuri mwekundu ule haukuzibi mdomo.

Ukinunua kwa simu au intaneti ndani ya Uganda, kuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011. Una siku 7 tangu kupokea bidhaa. Siku 7, si 14, msichanganye na za Leicester. Muuzaji atakwambia kipimo ni kitu ambacho kwa asili yake hakirudishwi, na kweli kighairi cha namna hiyo kipo. Basi muonyeshe sili. Kondomu iliyofunguliwa hairudishwi, sawa. Pakiti nzima tunaweza kuongea.

Na kama ulilipia kliniki nafasi ya kupimwa, hujapimwa, kisha sharti lenyewe likafutwa? Hiyo ni tofauti na boksi mkononi. Sheria ya Mikataba ya 2010 inazungumzia mkataba uliovunjwa na hali isiyo kosa la yeyote. Pesa iliyotangulia inadaiwa, ingawa mahakama inaweza kumwachia mwenzako gharama alizoingia. Boksi ukishakabidhiwa, hoja hii ni dhaifu, usiende nayo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na sehemu nzima kuhusu uwanja wa ndege wa Entebbe, jinsi Septemba 2021 kila anayetua alivyoanza kupimwa kwa dola 65 na baadaye ikawa 30, pua ile ile, kijiti kile kile. Naiacha. Ya Januari 2022 hapa hapa hamhitaji nisimulie, ninyi ndio mliolala chini ya malori ng'ambo ya Kenya mkikataa kulipa dola 30 mpaka amri ikasitishwa. Mkiniambia hayo ni ya zamani, nitawauliza Ebola ilitangazwa tena lini. Januari 2025. Kila ugonjwa ukipita, mtu anafungua meza ya vipimo kando ya barabara.

Mahakama, haraka haraka: kuna utaratibu wa madai madogo, mwisho shilingi milioni 10, na wakili haruhusiwi kukusemea. Wewe na muuzaji na hakimu, basi. Beba risiti, boksi, ujumbe wa pesa ya simu. Usifute ule ujumbe! Mnafuta ujumbe kama mnafuta vumbi.

Nani ana lake hapa? Wewe wa koti la bluu, nimeona mkono tangu mwanzo. Lete, pitisha mbele. Ulinunua wapi? Usitaje, sema mji tu. Jinja, sawa. Risiti unayo, vizuri. Ngoja nivae miwani. Stika nzima, Mungu akubariki. Tarehe ya kununua ni tarehe 3 mwezi huu. Sasa tugeuze nyuma, hapa kwenye maandishi madogo ya kuisha muda... Jamani, hiki alikuuzia kikiwa kimeshakufa miezi mitano. Kaa mbele hapa, mwanangu. Nani ana kalamu?