Wakili Aliuliza: Nani Aue Mwanawe kwa Ajili ya Deni? Hoja za mwisho za utetezi katika kesi ya Murdaugh

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Mimi ni Rehema, na kaka Iddi yupo hapa. Leo tunakaa na siku moja tu: tarehe 2 Machi 2023, mahakama ya Walterboro, South Carolina. Kesi imeenda wiki sita. Wakili Jim Griffin anasimama mbele ya raia 12 wa jopo, wale wanaoamua kama mtu ana hatia, kumtetea Alex Murdaugh kwa mara ya mwisho.

IDDI: Kwa anayeanza nasi leo, nimpe picha. Usiku wa tarehe 7 Juni 2021, Maggie Murdaugh na mwanawe Paul, kijana wa miaka 22, waliuawa kwa risasi kwenye mabanda ya mbwa, shambani kwao Moselle. Bunduki zilikuwa mbili tofauti, na hakuna hata moja iliyopatikana. Aliyepiga simu kuomba msaada ni baba mwenye nyumba, Alex, na ndiye aliyeshtakiwa kwa mauaji hayo. Yeye mwenyewe alikuwa wakili, wa ukoo uliokalia kiti cha mwendesha mashtaka wa eneo lile tangu 1920 hadi 2006, babu wa baba yake, babu yake, kisha baba yake.

REHEMA: Picha ya babu yake ilikuwa imetundikwa mle mle mahakamani. Jaji Clifton Newman aliagiza iteremshwe kabla ya kesi kuanza.

IDDI: Kwa hiyo hata ukuta ulibidi usafishwe kwanza. Sasa dada Rehema, twende kwenye pesa, maana ndiyo watu wanayobishania hadi leo.

REHEMA: Mwendesha mashtaka Creighton Waters alijenga hivi. Asubuhi ya siku ile ya mauaji, mhasibu mkuu wa kampuni ya uwakili anamwendea Alex ofisini: ada ya dola 792,000 iko wapi? Siku tatu mbele, tarehe 10 Juni, kuna kikao cha mahakama katika kesi ya ajali ya boti. Hii ni ajali ya Februari 2019 aliyokufa binti wa miaka 19, Mallory Beach, na Paul ndiye aliyekuwa ameshtakiwa kwamba aliendesha ile boti akiwa amelewa. Familia ya binti inadai fidia, na wakili wao anataka Alex aweke hesabu zake za benki mezani. Zikifunguliwa hizo, wizi wa miaka mingi unaonekana.

IDDI: Na baada ya mauaji?

REHEMA: Kikao cha tarehe 10 hakikufanyika. Kule ofisini wakaacha kumuuliza. Nani amsumbue mtu aliyezika mke na mtoto? Alipata karibu miezi mitatu ya kupumua. Upande wa mashtaka ukasema hicho ndicho alichokitafuta, huruma na muda.

IDDI: Hapa ndipo Griffin alipoingia, na mimi nasema waziwazi aliingia vizuri. Aliwaambia wale 12 wajiulize jambo moja: mtu anayeogopa kuchunguzwa pesa zake, anajiweka vipi katikati ya uchunguzi wa mauaji? Ukiua mkeo, polisi wa kwanza kufika anakuangalia wewe. Watapekua simu yako, gari lako, akaunti zako. Na hakuna aliyedai kwamba alifuata bima ya Maggie au Paul. Faida iko wapi? Alex alishabanwa na madeni mara nyingi kabla ya hapo, na kila mara alikopa huku akaziba kule.

REHEMA: Nakubali hoja imenyooka. Lakini imenyooka kwa mtu aliyetulia, anayekaa na kalamu akapima. Aliyebanwa hapimi hivyo. Mtu amekuwa akiiba pesa za wateja kwa miaka, anachukua kwa huyu kumlipa yule. Hebu niambie, hesabu hiyo nayo ina mantiki gani? Siku moja lazima ingefika mwisho. Aliishi hivyo zaidi ya miaka kumi. Leo usiniambie asingefanya jambo la siku tatu kwa sababu halina faida ya miaka mitatu.

IDDI: Hapo umenigusa. Ila dada yangu, kuna daraja refu kati ya kuiba na kumpiga risasi mtoto wako uso kwa uso. Mwizi wa kalamu ni mwizi wa kalamu. Wiki zile jopo lilisikia shahidi baada ya shahidi wa pesa. Alikuja hadi mtoto wa Gloria Satterfield, yule mama aliyewafanyia kazi za nyumbani, akafariki 2018. Bima ikalipa zaidi ya dola milioni 4, wanawe hawakuona hata senti. Zilienda kwa Alex. Mimi nilipomsikiliza yule kijana moyo ulinichemka. Sasa raia wa jopo anarudi kwao jioni na hasira hiyo, halafu unamwambia apime mauaji peke yake?

REHEMA: Jaji alikubali ule ushahidi kwa ajili ya kueleza kisukumo, yaani sababu ya kuua, basi. Haukuingizwa kuonyesha kwamba huyu ni mtu mbaya.

IDDI: Kwa maneno ya sheria, sawa. Kichwani mwa binadamu vitu hivyo viwili vinalala kitanda kimoja. Na mawakili wake walipokata rufaa, suala hilo la ushahidi wa pesa walilipeleka.

REHEMA: Tulitenganishe kwa msikilizaji, maana mitandaoni watu wanachanganya sana. Kuna nia, na kuna kisukumo. Nia ni kwamba ulikusudia kuua, na hiyo mashtaka lazima waithibitishe pasipo shaka ya maana. Kisukumo ni kwa nini ulitaka kuua, na hicho sheria ya South Carolina haiwalazimishi kukithibitisha. Mtu anaweza kutiwa hatiani na sababu yake asiijue yeyote.

IDDI: Kisheria. Lakini ukileta mwenyewe hoja ya pesa na kuikalia siku nyingi hivyo, ukaifanya uti wa mgongo wa kesi, lazima ubebe uzito wake. Griffin alipougonga huo uti wa mgongo hakuwa anakwepa. Alipiga pale walipomwonyesha.

REHEMA: Naongeza moja ambayo mashtaka waliitumia. Septemba 2021 kampuni inamwambia aondoke, wamegundua wizi. Kesho yake, tarehe 4, anapigwa risasi ya kichwa kando ya barabara. Baadaye anakiri kwamba yeye ndiye aliyemwomba mtu ampige, ili mwanawe mkubwa, Buster, alipwe bima ya mamilioni. Waters anasema: mnaona? Akibanwa, bunduki inatokea.

IDDI: Na mimi tukio hilo hilo nalisoma upande wa pili. Alipobanwa kweli, bunduki aliielekeza kwake, na pesa akazielekeza kwa mtoto. Huyo ni baba aliyechanganyikiwa, sawa, lakini ni baba. Kama hiyo ndiyo tabia yake akiwa ukutani, mbona Juni afanye kinyume?

REHEMA: ...Hiyo sijawahi kuifikiria hivyo.

IDDI: Naiona nzito.

REHEMA: Ni nzito. Lakini twende mabandani, kwa sababu naamini huko ndiko kesi ilikoamuliwa. Saa 2:44 usiku Paul anarekodi video kwa simu yake. Ana mbwa wa rafiki yake, anaitwa Cash, mkia una tatizo, Paul anataka kumwonyesha mwenye mbwa. Video haifiki hata dakika mbili. Nyuma yake unasikia sauti ya Maggie. Mbwa mwingine, Bubba, ameng'ata kuku. Halafu sauti ya mwanamume inamwita: Bubba! Saa 2:49 simu za Paul na Maggie zinajifunga, na hazifunguliwi tena na wenyewe.

IDDI: Na Alex alikuwa amewaambia wapelelezi tangu usiku ule ule kwamba baada ya chakula hakufika mabandani. Alisema alilala kwenye kochi.

REHEMA: Alisema hivyo zaidi ya mara moja, hadi alipopanda kizimbani Februari 2023, mashahidi wamekwisha kuja mmoja baada ya mwingine kuitambua sauti, ndipo akakiri. Ni mimi, nilikuwepo, nilidanganya.

IDDI: Griffin alilikabili. Alisema Alex alidanganya kwa sababu waraibu hudanganya. Ni mtu wa vidonge vya maumivu miaka mingi, mwenye siri nyingi, asiyewaamini wapelelezi wale.

REHEMA: Hapo ndipo aliponipoteza mimi. Mraibu anadanganya kuficha vidonge. Sasa umekuta mke na mtoto wamelala kwenye damu. Kitu cha kwanza si ungetaka polisi wajue saa ngapi walikuwa hai? Wewe ndiye mtu wa mwisho kuwaona. Zile dakika ni dhahabu kwa anayemtafuta muuaji, naye akazifukia.

IDDI: Sina jibu zuri la hilo, nakiri. Ninachoshika ni kazi mbovu ya upelelezi. Griffin aliwaonyesha: data ya mahali ya simu ya Maggie ilipotea kwa uzembe wa kuihifadhi. Na mavazi: vifo vya namna ile, halafu mtu anaonekana msafi. Kutoka saa 2:49 hadi anaondoka na gari saa 3 na dakika chache, akamilishe yote hayo peke yake, na bunduki mbili? Shaka ya maana haihitaji nikupe muuaji mwingine.

REHEMA: Haihitaji, kweli. Jopo lilienda kujadiliana, likarudi kabla ya muda wa saa tatu kutimia. Hatia kwa makosa yote. Mmoja wao alieleza baadaye kwenye televisheni kwamba iliyomwamulia ni ile sauti. Hakusema pesa.

IDDI: Ndiyo maana nasema wiki zile za pesa hazikuwa na lazima. Zimewapa watu mlango wa kuuliza kama kesi ilikuwa ya haki.

REHEMA: Kabla hatujafunga, mwisho wa Griffin. Aliomba kwa niaba ya Alex, ya Buster, ya Maggie, na ya Paul, akamwita Paul rafiki yake, kwamba wasiongeze msiba mwingine juu ya msiba wa familia ile.

IDDI: Pale sauti ilinikaba. Huyu alimfahamu kijana.

REHEMA: Nami nilisimamisha kusikiliza kidogo. Halafu nikakumbuka nani alikuwa ameshika simu saa 2:44.

IDDI: Paul.

REHEMA: Wiki ijayo tunaanza na rufaa. Usiku mwema.