Chukudu inayomtafuta mwenyewe

Bon, walimu wenzangu, na nyie wazazi mlioko kule nyuma, sogeeni, viti viko.

Leo tuongee namna ya kuwasaidia watoto kupata wazo la hadithi, na nianze na kosa langu. Niliingia darasa la pili ya primeri, nikaandika kwenye tablo "Andikeni hadithi nzuri", nikakaa. Kimya. Halafu mmoja akasema volkano, basi wote hamsini na kitu volkano! Na mtoto wa miaka saba ile ya Nyiragongo, tarehe 22 Mei 2021, ataikumbukia wapi, anaichanganya tu na ya 2002 anayosikiaga kwa mamake. Sikuwakataza, hapa Goma jiwe jeusi liko mpaka kwenye ukuta wa choo, volkano itatoka tu. Shida ni mimi, niliomba wazo moja tena zuri, na mtoto akisikia "zuri" anaogopa, anashika la jirani.

Siku hizi nawaweka watano watano, kaye (daftari) zimefungwa, kila mmoja anataja kitu alichoona asubuhi akija shule na mi naandika yote, hata ya upuuzi, sisemi ndiyo sisemi hapana. Mmoja akasema chukudu, ile ya mbao yenye magurudumu mawili ya kubebea mizigo. Ilibeba nini? Makala, yaani mkaa. Nani alikuwa anaisukuma? Wakaangaliana, halafu kale katoto ka nyuma ambako huwa hakasemi kitu kakasema, "hakuna mtu, inatembea yenyewe, inamtafuta mwenyewe." Mi nikaweka chaki chini.

Kuchagua sasa, hapo ndo kazi. Mikono juu haifai, kila mtu anampigia rafiki yake. Kwa hiyo wanaokota vijiwe uwanjani (hivyo haviishi, na ni bure), mawazo nimeyachora chini kwa chaki, wote wanageukia ukuta, mmoja mmoja anaenda kuweka kijiwe chake. Yakibaki mawili nauliza tu: nani anataka kujua kitakachofuata? Wazo moja lilikuwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani: walivuliwa, wakauzwa mtaa wa Birere, sawa, imeisha. Lakini mwenye chukudu yuko wapi? Kelele! Huyu anasema amelala, huyu ameenda mji wa Sake, mwingine eti amegeuka makala.

Mama mmoja aliniuliza, mwalimu, huo si uongo mnawafundisha? Nikamwambia mama, na yule sungura wa hadithi unayemwongelesha kila jioni?

Ila wazo lililoshindwa usilifute, liache kwenye karatasi ukutani. Wiki iliyofuata yule wa sambaza alinifata mwenyewe mlangoni, hata salamu hakunipa: "Mwalimu, kumbe mmoja alitoroka kwenye beseni."