Seli Zinazogawanyika na Bei ya Haraka

FURAHA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Bukavu na wa kwingineko. Mimi ni Furaha, na niko pamoja na Mwalimu Bahati. Juma lililopita tuliishia kwa Gheorghe Păun, mwanahisabati wa Romania ambaye mwaka 1998, akiwa Turku nchini Finland, alipendekeza ukokotoaji unaoiga seli na tando zake. Mwalimu, wengi wameuliza kama ukokotoaji huo una kasi kweli.

BAHATI: Asante, Dada Furaha. Nianze na jambo ambalo kila ukoo hapa umelipitia, yaani kamati ya harusi. Tuseme kuna wageni 20 wanaojadiliwa, na kila mzee ana sharti lake: ama shangazi wa Kadutu aalikwe, ama mjomba wa Bagira asialikwe. Sharti moja moja ni jepesi. Kuyatimiza yote kwa pamoja ndiko kunakokesha kamati, kwa sababu orodha zinazowezekana ni 1,048,576. Mwaka 1971 Stephen Cook alionyesha kwamba tatizo la namna hii limebeba ndani yake ugumu wa matatizo yote ya kundi liitwalo NP, yaani yale ambayo jibu likiletwa hukaguliwa upesi, hata kama kulitafuta ni kazi.

FURAHA: Na seli hulifanyaje?

BAHATI: Katika modeli ya Păun, utando huzunguka vitu, na kanuni husema kitu kipi kigeuke kuwa kipi, kipi kivuke utando, na lini utando ugawanyike. Tunaanza na seli moja. Tukimfikia mgeni wa kwanza inagawanyika: moja inabeba "aalikwe", nyingine "asialikwe". Kwa mgeni wa pili zinakuwa nne, kisha nane. Baada ya kugawanyika mara 20, kila orodha ina seli yake, na zote hukagua masharti kwa wakati mmoja. Ikipatikana hata seli moja iliyoyatimiza yote, neno "ndiyo" hutoka hadi nje ya utando mkuu.

FURAHA: Naomba nikukatize, Mwalimu. Kazi haikupungua hata kidogo. Umeongeza wafanyakazi tu, tena wasiodai mshahara.

BAHATI: Umesema kweli: muda umenunuliwa kwa nafasi. Wageni 40 wanadai seli zaidi ya trilioni moja. Mwaka 1994 Leonard Adleman alitumia molekuli za DNA kutafuta njia katika mchoro wa nukta 7. Mwaka uliofuata Juris Hartmanis akapiga hesabu na kuona kwamba kwa nukta 200 ingehitajika DNA yenye uzito kuliko dunia nzima. P ni kundi la matatizo yanayotatuliwa upesi, na swali kuu ni kama yote ya NP yamo humo. Anayekuambia kwamba seli zimemaliza swali hilo la P na NP, mwombe akuonyeshe ghala lake.

FURAHA: Basi kwa nini watu wameendelea na ukokotoaji huu zaidi ya miaka 20?

BAHATI: Kwa sababu modeli hii hukuruhusu kuondoa kiungo kimoja kimoja, kama mpishi anayetafuta ni kipi hasa kinachotia ladha, na kutazama nguvu inapotea wapi. Ondoa kugawanyika kwa tando: Zandron, Ferretti na Mauri wa Milano walithibitisha kwamba kilichobaki huigwa na mashine ya Turing, ile modeli ya kompyuta ya kawaida, bila kuchelewa sana, yaani kwa muda wa polinomia, usiolipuka kadiri tatizo linavyokua. Sasa rudisha kugawanyika, lakini uondoe chaji. Kila utando katika modeli ile hubeba chaji chanya, hasi au sifuri, na kwa chaji hiyo kitu kimoja huweza kubadili kanuni zinazowahusu wenzake. Mwaka 2005 Păun aliuliza kama matatizo magumu bado yangetatuliwa upesi bila chaji. Jibu lililopatikana mimi naliona zuri kuliko yote katika taaluma hii: ikiwa pia hakuna utando unaoruhusiwa kuyeyuka, nguvu inashuka hadi P, hata seli zizaane kwa mabilioni.

FURAHA: Kwa nini kuyeyuka tu kuwe na uzito huo?

BAHATI: Bila chaji na bila kuyeyuka, kila kitu hufuata kanuni zake pasipo kujali nani yuko kando yake. Basi huhitaji kuzifuata seli zote. Unafuatilia kitu kimoja kimoja juu ya mchoro mdogo, ukiuliza kama njia yake inaweza kufika kwenye "ndiyo". Lakini utando ukiyeyuka, vitu vyote vilivyokuwamo hujikuta katika chumba kingine chenye kanuni nyingine, kwa sababu ya jirani mmoja. Hapo vimeanza kusikizana. Ukiruhusu pia zigawanyike tando zenye tando nyingine ndani yake, matatizo magumu yanarudi kutatuliwa upesi.

FURAHA: Na tukiruhusu kuyeyuka, ila zigawanyike zile tu zisizo na utando mwingine ndani?

BAHATI: Hapo, Dada, ndipo swali la Păun lilipowakalia watafiti kooni kwa miaka mingi. Majibu yaliyopatikana kwa modeli zenye vizuizi vya ziada tutayafungua juma lijalo.