Gitaa kavu linanasa redio: tafuta mahali mawimbi yanapoingilia

Sikiliza kwanza. Gitaa limelazwa mezani, hakuna anayelipiga, lakini kwenye spika kuna mtangazaji anaongea kwa mbali. Wapigaji wa kwaya hapa Arusha na Moshi wakisikia hivi hukimbilia kununua pikapu mpya, yaani kile kinasa sauti cha gitaa. Subiri kidogo. Mara nyingi pikapu ni nzima, na ubovu uko kwenye kebo au kwenye jeki, tundu la gitaa unalochomekea kebo.

Mezani tuna kebo mbili za gitaa, mita ya kupimia umeme, pasi ya kulehemu ya wati 30, lehemu, kapasita moja ya seramiki ya pikofaradi 100 na feraiti. Feraiti ni lile donge jeusi unaloliona kwenye kebo za kompyuta za zamani. Mafundi redio wanazo kwenye makopo ya vifaa chakavu. Chagua ile inayofunguka na kubana.

Tofautisha kelele kabla ya kushika chochote. Mvumo mzito, "mmmm", ni wa umeme wa ukutani, ambao kwetu ni volti 230 na Hz 50. "Trrr-trrr-trrr" ni simu iliyo kwenye 2G: inarusha mawimbi kwa vipande vipande, mara 217 kwa sekunde, nawe unavisikia hivyo vipande. Izime au isogeze mbali na kebo. "Zzzz" kali huwa ni chaja, taa za LED au swichi ya kupunguza mwanga. Chomoa kimoja kimoja. Ukisikia maneno au muziki, hiyo ni redio, na tuendelee nayo.

Wimbi la redio peke yake halisikiki. Linahitaji antena ya kulidaka na kitu cha kulichuja libaki sauti. Kebo yako ya mita 3 ni antena nzuri sana, maana wimbi la FM la MHz 100 lina urefu wa mita 3 zilezile. Kinachochuja ni transista ndani ya priampu (kikuza sauti kidogo kilicho ndani ya gitaa) au amplifaya, na wakati mwingine kiungo chenye kutu kinachofanya kazi kama dayodi, yaani kupitisha umeme upande mmoja tu. AM huingia kwa urahisi zaidi; FM nayo huweza kusikika, ila kwa kukwaruza.

Sasa punguza sauti kwenye gitaa mpaka sifuri. Redio ikinyamaza, wimbi linaingilia ndani ya gitaa. Ikiendelea, linaingia kwenye kebo au mbele yake. Chomoa kebo kwenye amplifaya: kama redio bado ipo, basi inapitia waya wa umeme au waya wa spika. Angalia sana hapa: usichomoe upande wa gitaa ukaacha kebo inaning'inia. Kebo iliyo wazi hukwaruza hata ikiwa nzima, na itakudanganya.

Chukua mita. Gusa ganda la plagi moja na ganda la plagi ya pili: isome chini ya omu 1. Gusa ncha na ganda la plagi ileile: isionyeshe njia yoyote. Huku unapima, kunja kebo karibu na plagi zote mbili, pole pole. Namba ikirukaruka, wavu wa waya unaozunguka kebo umekatika, na huo ndio ukuta wa kuzuia mawimbi. Fungua plagi, kata sentimita 5, lehemu upya. Kiungo kizuri kinang'aa na kimelala vizuri. Kilichofifia na kuwa na chembechembe kichome tena.

Ukiwa umefungua plagi ya upande wa amplifaya, weka kapasita kati ya ncha na ganda, ili mawimbi ya redio yaishie kwenye ganda. Kata miguu yake iwe mifupi kabisa, kwa sababu mguu mrefu unaharibu kazi. Usihofie sauti kupotea: pikofaradi 100 ni sawa na kuongeza kebo ya mita moja hivi. Kapasita tunaiweka kwenye plagi kwa makusudi, ili usifungue amplifaya. Ndani yake kuna kapasita kubwa zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomoa.

Feraiti ibane sentimita chache kutoka amplifaya. Kuipitisha kebo mara moja hakusaidii sana. Izungushe mara 3, kwa sababu nguvu yake ya kuzuia mawimbi hupanda kwa mraba wa mizunguko: 3 inakupa kama 9. Zaidi ya 5, mizunguko inaanza kupitishiana mawimbi.

Kama jaribio la sifuri lilionyesha gitaa, ingiza mkono tunduni ukague nati ya jeki. Ikilegea, jeki huzunguka na kukata waya wa ganda. Badilisha pia betri ya volti 9 ya gitaa. Kisha gusa chuma cha jeki kwa kidole: kelele ikipungua, huenda eathi (njia ya umeme kwenda ardhini) haijafika, fuata ule waya wa ganda mpaka kwenye priampu.

Angalia pia ukutani. Amplifaya ya plagi ya pini tatu ikiunganishwa kwa adapta ya pini mbili inakosa eathi. Tafuta ekstensheni yenye eathi ya kweli. Usikate pini ya eathi ili kuua mvumo, hata mtu akikuambia kwake imefanya kazi: amplifaya ikipata hitilafu, umeme unaweza kupita kwenye chuma cha jeki au nyuzi mpaka mikononi mwako. Kwa mvumo wa eathi mbili zinazogongana, tumia boksi la DI (kiunganishi kati ya gitaa na miksa) na swichi yake ya kuachanisha eathi.

Boksi hilo linafaa pia kanisa likiwa chini ya mnara wa redio kabisa. Liweke karibu na mpigaji, kebo ya gitaa iwe mita 2 tu, halafu kebo ya XLR (ile ya maikrofoni, yenye pini tatu) ndiyo iende mbali hadi kwenye miksa. Pini 2 na 3 zinabeba sauti, pini 1 inabeba wavu. Hakikisha pini 1 imelehemiwa pande zote mbili.